Kumi na Nane kwa Kumi na Nane

Jumapili, 28 Machi 1993

Wamenifanya msimamizi wa uchaguzi, na sababu waliyoitoa ni kwamba nina mwandiko mzuri. Mwandiko gani? Miaka ishirini na mbili nimepiga chapa katika shirika la umma, mwandiko wangu wote uko kwenye mashine. Shirika lilipotupunguza mwaka juzi nikanunua mashine moja kuukuu. Haina herufi q, ila kwa Kiswahili haijaniangusha bado.

Umoja wetu wa Wenye Nyumba wa Mivinje, hapa Kunduchi, una nyumba thelathini na tisa. Kila nyumba kura moja, iwe ya ghorofa au vyumba viwili visivyopigwa lipu. Wanaogombea uenyekiti ni wawili. Wa kwanza ni Mzee Sadallah Mwishehe, aliyetuongoza tangu tuanze. Ukoo wao ulikuwa na minazi hapa kabla mtu wa ardhi hajaja na kamba zake kupima viwanja. Ni mpole, ana maneno mazuri, na hana haraka na jambo lolote. Wa pili ni Revelian, mwenye duka la saruji na mabati kule Manzese, mtu wa kwetu Bukoba.

Kinachowagombanisha ni njia ya miguu. Inatoka barabara kuu, inakatiza mtaa wetu, inashuka hadi wanakopakulia samaki. Asubuhi wanapita wanawake na mabeseni kichwani. Revelian anataka ifungwe, tuweke geti na mlinzi. Januari waliingia kwake wakaondoka na televisheni na pampu ya maji, na mke wake mpaka leo hakai peke yake nyumbani. Mzee Sadallah anasema njia ilikuwepo kabla ya nyumba, kwa hiyo nyumba ndizo zimeifuata njia.

Mimi nitampigia Revelian. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: si kwa ajili ya geti. Mume wangu Kasimiri alipofariki, Revelian ndiye aliyesindikiza sanduku hadi Bukoba, treni na meli, siku nne njiani, na hakuna hata siku moja aliyonikumbusha.

Jumatano, 31 Machi

Nimekata karatasi thelathini na tisa. Majina mawili, na kisanduku mbele ya kila jina.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maji yamefika ngazi ya pili ya baraza.

Jumapili, 4 Aprili

Niandike yote kwa mpangilio, maana huenda nikaulizwa.

Tulikutana saa nane mchana katika darasa la chekechea. Watu wazima wamekalia vibao vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Walikuja wenye nyumba thelathini na saba, wawili wamesafiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata ikabidi nitangaze kwa kupiga kelele: "Weka tiki mbele ya jina la unayemtaka! Tiki tu!"

Kwenye meza ya kuhesabia tulikuwa watatu. Mimi nafungua na kusoma. Anwar, wakala wa Mzee Sadallah, anaandika. Ni mpwa wake, mtoto wa dada yake Bi Tunu, dereva wa lori la Tunduma. Fransis naye anaandika upande wa Revelian, anamfanyia kazi dukani. Karatasi ya nne au ya tano haikuwa na tiki. Visanduku vyote vitupu, na pembeni kuna penseli hafifu, vimistari na vinukta, kama mtu aliyekuwa anajaribu kama inaandika. Nikaiinua. "Hii imechorwachorwa, imeharibika." Anwar akaitikia bila kuinua macho, Fransis vilevile. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, tukaendelea.

Mzee Sadallah kumi na nane. Revelian kumi na nane.

Tulirudia mara tatu. Kumi na nane kwa kumi na nane. Nilipotangaza, kwanza watu hawakusikia kwa mvua, kisha wakasikia wote kwa pamoja. Mmoja anataka shilingi irushwe juu. Mwingine anataka uchaguzi urudiwe wiki ijayo, na mwenzake anamjibu kwamba wiki ijayo kila mtu ataleta mpaka shemeji zake. Mzee Sadallah ndiye aliyenyoosha mkono, akasema taratibu, "Tuangalie katiba inasemaje."

Katiba ya Umoja nilipiga chapa mimi, mwaka 1990. Kifungu cha kumi na moja: Kura zikilingana, msimamizi wa uchaguzi atatoa uamuzi katika siku ishirini na moja, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Nakumbuka niliongeza ile koma. Sikuwaza hata kidogo kwamba msimamizi huyo angekuwa mimi.

Bahasha tumeifunga kwa gundi, tukaweka sahihi juu ya mfuniko, mimi, Anwar na Fransis. Iko kabatini kwangu. Siku ya mwisho ni tarehe 25.

Jumatatu, 5 Aprili

Sokoni kila mtu ananisalimia. Hata wale wasionisalimiaga.

Alhamisi, 8 Aprili

Revelian kaja saa kumi jioni na mkungu wa ndizi begani, mwenyewe, hakumtuma mtu. Tumeongea Kihaya. Kaulizia Benson mwanangu huko Mwanza, kaulizia mguu wangu. Hakutaja uchaguzi mpaka alipoinuka.

"Koku," akasema, "wewe unanijua. Sitaki kukusumbua."

"Hujanisumbua."

"Watu wanasema utaniangalia kwa sababu ya kwetu. Mimi nasema uniangalie kwa sababu ya kazi." Akasita mlangoni. "Lakini na kwetu nako kupo."

Alipoondoka nikajiona mwepesi. Jambo lenyewe si gumu. Katiba imenipa uamuzi, na mimi nilishaamua tangu mwezi uliopita, hata kabla sijatia tiki yangu. Nitasubiri siku chache ili ionekane nimefikiri.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Kanisani paa linavuja juu ya kwaya. Waliimba wakiwa wamesogea upande mmoja.

Jumanne, 13 Aprili

Leo nimekwenda kwa Bi Tunu, dada mkubwa wa Mzee Sadallah. Nyumba yake ndiyo ya chini kabisa mtaani, pale maji yote yanapoelekea, na niliposikia ukuta wa jirani yake umelala nikasema nikamtazame. Anakaanga samaki wa kuuza. Kila alfajiri anashika ile njia kwenda kununua, na sasa ana miaka sabini kasoro.

Kwake kulikuwa kukavu, nikashangaa. Nyuma ya jiko umechimbwa mfereji mzuri, umejengewa mawe pande zote mbili. Nikafikiri, afadhali Mzee Sadallah kamkumbuka dada yake.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba, Mama Benson. Pita, keti, usiniangalie mikono, ina magamba."

Alikuwa anapanga madebe ya mafuta na chumvi. Juu ya kila debe kuna maandishi ya chaki. Vimistari vinapanda na kushuka, na vinukta juu na chini. Nikabaki nimeyakodolea macho hadi akacheka.

"Unatazama nini? Hayo ndiyo maandishi yangu. Hili mafuta, hili chumvi, hili la dagaa. Hayo yenu ya shuleni mie sikusomeshwa. Baba alitupeleka chuoni, tukasoma Kurani, tukaandika Kiswahili chetu kwa herufi zile zile. Barua zangu zote za ujana, hivyo hivyo." Akapangusa chaki kidoleni. "Siku hizi vijana wanaona kama kuku kapita."

Nikanywa chai yake yote bila kuisikia ladha. Karatasi ya nne au ya tano. Vinukta juu na chini.

Sikumuuliza. Kura ni siri, na msimamizi akiuliza si siri tena.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Nimelitazama kabati kutwa nzima. Bahasha ina sahihi tatu, siwezi kuifungua peke yangu. Wala hakuna haja. Dada wa Sadallah, mama yake Anwar, mtu wa njia ile: atakuwa amemwandika nani mwingine?

Alhamisi, 15 Aprili

Nimekisoma kifungu cha saba. Mpiga kura ataonyesha kwa maandishi jina la mtu anayemtaka. Hakuna neno tiki katika katiba nzima. Tiki niliileta mimi.

Kwa hiyo haikuharibika. Niliiharibu mimi, kwa kuwa sikujua kusoma, na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga nikataka tumalize.

Ijumaa, 16 Aprili

Mzee Sadallah kapita akitoka msikitini. Hakukaa. Alisimama barazani akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Mama Benson, nimekuja kukutoa wasiwasi. Revelian ni mtu wenu, naye ni mchapakazi. Ukimpa, mie sitakununia. Tutazikana hapa hapa."

Nikamwambia ahsante. Ningependa angenitisha, au angenibembeleza. Kabatini kwangu iko karatasi ambayo, nikiitoa, uenyekiti unabaki kwake, na yeye amekuja kunipa ruhusa ya kumnyima.

Jumapili, 18 Aprili

Nimekwenda kwa Revelian baada ya misa. Nilitaka asikie kwangu kwanza, si mkutanoni. Mke wake kaleta chai, akatuacha.

Nikamweleza yote, karatasi, madebe, kifungu cha saba. Jina la Bi Tunu sikulitaja, nikasema tu nimeona maandishi kama hayo mahali. Lakini Revelian si mjinga. Hapa Mivinje wanaoandika hivyo hawafiki watatu, na wote ni upande mmoja.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Anwar aliiona, Fransis aliiona. Wote walikubali imeharibika."

"Walinikubalia mimi. Hakuna aliyeitazama."

"Ulitangaza tiki, Koku. Watu thelathini na sita wamekusikia, mmoja hakukusikia. Sasa sheria ibadilike kwa ajili ya mmoja?"

"Sheria haijabadilika. Mimi ndiye niliyeisema vibaya."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Nilimngoja ataje sanduku la Kasimiri, treni na meli na siku nne. Hakutaja. Ingekuwa rahisi zaidi angetaja, ningepata la kumkasirikia.

"Unaweza kunipa uenyekiti kwa neno moja," akasema mwishowe. "Na hakuna atakayejua."

"Najua."

"Basi nimekusikia." Akainuka. Mimi chai yangu nilikuwa sijaimaliza.

Nimerudi nyumbani nikalia, kisha nikapika. Mkungu aliouleta bado una chane mbili.

Jumanne, 20 Aprili

Nimekwenda Mwananyamala kutafuta mtu wa kuisoma asiyemjua yeyote kwetu. Karibu na hospitali nikaonyeshwa chuo kidogo cha Kurani nyuma ya duka la mkaa. Maalim Abdulrahman, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisikiliza huku watoto wakiendelea kusoma kwa sauti.

"Ni hati ya mirathi?" akauliza.

"Ni kura, maalim."

Akanitazama juu ya miwani. "Ya nini?"

"Mwenyekiti wa mtaa."

"Na mnagombana kiasi hicho?"

"Bado. Tunasubiri Jumapili."

Atakuja.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimekutana na Revelian njiani. Kanipita kama mti.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua. Samaki hakuna.

Jumapili, 25 Aprili

Darasa lile lile, vibao vile vile, mvua ndogo ya kunyunyiza. Wamekuja watu wengi kuliko siku ya kura. Nilisimama ubaoni, mikono nimeiegemeza mezani.

Nikawaambia nilivyokosea, neno kwa neno kama nilivyoandika humu, ila jina la Bi Tunu nikaliacha. Nikasema kabla sijatoa uamuzi wa kifungu cha kumi na moja lazima nijue kama kura zimelingana kweli. Nikainua bahasha juu, wote wakaziona sahihi.

Anwar aliruka kama kachomwa. "Hiyo ni ya mama! Wallahi hiyo ni ya mama! Ifunguliwe!"

"Kaa chini, Anwar," nikasema. "Kura haina jina la mwenyewe."

Lakini neno lilishatoka, na chumba kizima kikageukia nyuma, ambako Bi Tunu alikuwa amekaa karibu na mlango, kanga kichwani, kama vile wanamzungumzia mtu mwingine.

Revelian akasimama. Aliongea vizuri, kwa utulivu, kwa muda mrefu. Masharti yalitangazwa kabla. Kila aliyeingia chumbani aliyasikia. Mtu akicheza mpira kwa mikono, goli halihesabiwi hata kama lilikuwa zuri. "Hiyo karatasi si kura," akamaliza. "Naheshimu aliyeiandika, lakini si kura." Upande wake wakampigia makofi.

Mzee Sadallah naye akasimama. "Mie nasema ni kura. Mtu katoka kwake na mvua, kaandika jina kwa herufi anazozijua. Asingeandika kitu, tungesema hakupiga. Kaandika. Kosa la msomaji lisiwe dhambi ya mwandishi." Wakampigia makofi upande wake.

Halafu wote wakanitazama mimi. Nikafungua katiba, nikawasomea kifungu cha saba mara mbili. "Katiba inataka maandishi," nikasema. "Haikusema maandishi ya aina gani, na tiki ni yangu, si ya katiba. Uamuzi wangu ni kwamba hii ni kura na itahesabiwa, jina liwe la nani."

Fransis akasema jambo ambalo sitaliandika. Revelian alitazama dirishani. Nikawaza, basi, hapo ndipo urafiki wetu ulipokwisha, katika darasa lenye picha za tembo na sungura ukutani.

Nikawaita Anwar na Fransis, wakazikagua sahihi zao, tukakata bahasha kwa mkasi. Maalim Abdulrahman akaichukua karatasi, akaipeleka penye mwanga, akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu.

"Penseli imefifia," akasema. "Mwandiko wa mtu aliyefundishwa vizuri, lakini." Akaweka kidole. "Ra. Ya. Fa, ila kaiwekea nukta tatu, iwe v, maana hati yetu haina herufi ya sauti hiyo, mtu inabidi ajitengenezee. Lamu, ya, alifu, nuni." Akainua kichwa. "Reveliani. Kuna mtu anaitwa hivyo hapa?"

Nilisikia mvua. Nilisikia hata bata wa mtu huko nje.

"Soma tena," Anwar akasema.

Akasoma tena. Anwar akamsogelea, akaichukua mwenyewe, midomo ikicheza, herufi kwa herufi. Kisha akairudisha mezani taratibu, kama kikombe kilichojaa.

Revelian alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa namna ambayo uso mweusi huwa mwekundu. "Nimesema mbele yenu wote kwamba hiyo si kura," akasema. "Siwezi kuibadili jina kwa kuwa imenijia mimi."

"Na mie nimesema ni kura," akasema Mzee Sadallah. "Siwezi kuikana kwa kuwa imenikimbia."

Watu wakaanza kucheka, hawakujua wacheke kwa nani. Nikapiga meza. "Uamuzi nimeutoa bahasha ikiwa imefungwa. Revelian kumi na tisa, Mzee Sadallah kumi na nane. Kifungu cha kumi na moja hakina kazi tena."

Hapo ndipo Bi Tunu aliposimama.

"Nani alisema nimechorachora?"

"Mimi, Bi Tunu."

"Basi ni wewe usiyejua kusoma."

Chumba kikapasuka kwa vicheko, na mimi nikacheka, machozi yakanitoka. Lakini Anwar hakucheka.

"Mama! Umempigia huyu? Huyu anayetaka kukufungia njia?"

"Njia nitaigombea mwenyewe, mdomo ninao. Maji sina mdomo nayo." Akajifunga kanga vizuri, akageukia watu. "Ramadhani hii, kumi la mwisho, maji yaliingia ndani kwangu mpaka kwenye miguu ya kitanda. Nimefunga, ndoo siiwezi. Wewe, Anwar, uko Tunduma. Kapita huyu na gari lake, kaona, kaenda zake. Nikasema haya, kama wengine. Baada ya saa moja karudi na mawe na watu wawili, na yeye mwenyewe kashika sepetu. Wamechimba hadi magharibi. Hakuniomba kura, hakuniambia hata jina lake, nilimuuliza Fransis, mmoja wa hao wawili."

"Yalikuwa maji ya paa langu," Revelian akasema, sauti ya chini. "Bomba nililiweka vibaya."

"Najua yalikuwa yako. Ndiyo maana nilikupigia. Wengine maji yao wanasema ya Mungu."

Mzee Sadallah alikuwa ameketi. Kwenye kile kibao cha mtoto alionekana mdogo sana. "Dada," akasema, "ungeniambia."

"Nimekwambia masika tatu, Sadallah."

Alitazama mikono yake. Kisha akainuka, akapita katikati ya vibao hadi kwa Revelian, akampa mkono. Wakashikana mikono muda mrefu kidogo kuliko desturi. Halafu akaenda nyuma, akamshika dada yake kiwiko, wakatoka pamoja mvuani.

Revelian ametangazwa mwenyekiti saa kumi na dakika ishirini. Mimi hakunisogelea.

Jumatatu, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimelala hadi saa nne asubuhi.

Jumapili, 2 Mei

Kazi ya kwanza ya mwenyekiti mpya: mfereji mmoja wa mtaa mzima, kutoka juu hadi chini. Kila nyumba mtu na jembe. Mzee Sadallah alikuja wa kwanza, suruali kakunja hadi magotini, akachimba kipande cha mbele ya nyumba ya dada yake na hakutaka msaidizi. Sikujua kumbe ana nguvu hizo. Kwa miaka mitatu nilimwona mtu wa maneno mazuri tu. Labda hakuna aliyewahi kumwambia mbele za watu.

Revelian alikuwa anagawa mawe. Alipofika kwangu alimwambia Fransis, "Mpe mama huyu mawe." Mama huyu.

Namwelewa. Ameshinda, lakini aliniona nilivyokuwa tayari ashindwe. Kushinda hakufuti hilo.

Jumamosi, 8 Mei

Mvua kubwa usiku. Asubuhi kwa Bi Tunu kukavu, kwangu kukavu.

Jumatano, 19 Mei

Jua nusu siku. Nguzo mbili za chuma zimeletwa, zimelazwa kando ya njia ya miguu. Watu wanazitazama na kupita.

Alhamisi, 20 Mei

Bi Tunu ameanika kanga zake juu ya nguzo.

Jumapili, 30 Mei

Kikao cha kamati. Wameniomba niandike muhtasari, kwa hiyo nilikuwepo. Ajenda ya tatu ilikuwa njia.

Kabla hatujaifikia, Bi Tunu akaingia na beseni lake, akaliweka sakafuni katikati ya chumba, likanuka bahari. Akakaa.

"Bi Tunu," Revelian akasema kwa heshima, "hiki ni kikao cha kamati. Mwanachama akiwa na malalamiko anaandika barua."

"Sina malalamiko. Ningekuwa sikukupigia kura, ningekuja kulalamika. Nimekupigia, nimekuja kukuagiza."

Mtu mmoja alicheka puani. Revelian hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Uniagize nini?"

"Mwizi wako wa televisheni alikuja na gari. Televisheni haibebwi kichwani hadi pwani. Sie tunaopita pale tuna mabeseni, ukitaka kufunua, funua, utakuta changu na kibua. Weka geti lako barabarani kwenye magari, mie mwenyewe nitakuja kulipigia makofi. Ile njia iache."

Nilimwona Revelian anafikiri, na nikaona kitu ambacho kule Bukoba wazee wetu walikuwa wanakipenda kwa kijana: alikuwa haoni aibu kufikiri mbele ya watu. Mwishowe akamgeukia mjumbe wa ulinzi. "Gari liliingilia wapi ile Januari?"

"Barabarani, mwenyekiti."

"Na alama za matairi tuliziona?"

"Tuliziona."

"Basi geti liende kwenye magari," akasema. "Andika hivyo, katibu." Ndiyo mara ya kwanza ananisemesha moja kwa moja tangu Aprili, na sikuwa katibu wa kitu chochote. Nikaandika.

Watu walipotawanyika nilibaki kukusanya karatasi. Nilipotoka nikamkuta amesimama nje ya mlango, mikono nyuma.

Akanisalimia kwa Kihaya, salamu ndefu, ile ya nyumbani, nami nikaijibu yote.

"Ile bahasha," akasema. "Ningekuwa mimi na kabati hilo, Koku, sijui. Huenda ningeichoma."

"Ungewaza kuichoma," nikasema. "Hata mimi niliwaza."

"Ulidhani ni ya Sadallah."

"Nilikuwa na hakika ni ya Sadallah."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Tukaondoka pamoja kwa ile njia ya miguu, kwa kuwa ndiyo fupi. Hakukuwa na tope, mvua zimekwisha kabisa. Katikati tukakutana na wanawake wanne wanapanda kutoka pwani, mabeseni yamejaa, maji yanawatiririka mabegani. Njia haitoshi watu sita. Mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Nyumba akashuka kwenye majani, nami nikashuka nyuma yake, tukasimama humo mpaka wa mwisho alipopita.